Mikono Miwili

Kanuni ya kwanza hatukuiandika sisi, imeandikwa na jua:
ikifika saa tatu, mtoto asionekane nje ya kivuli.
Ndiyo maana Julai, hapa Mabela,
tunaanza saa kumi na mbili kasorobo,
wazazi bado wana mikunjo ya mto mashavuni.

Maji yakizidi nyuzi thelathini na mbili, hakuna mbio.
Jana usiku yalikuwa thelathini na nne.
Azzan akapiga simu soko la samaki la Sib,
likaja gari la barafu,
mapande ya kimo cha mtoto wa darasa la kwanza,
tukayasukuma majini moja moja.
Alfajiri kipimo kikasema thelathini na moja na nusu.
Wadogo wananusa,
wanasema bwawa linanuka jodari.
Hakuna kanuni inayokataza harufu ya jodari. Nimetafuta.

Umri unahesabiwa tarehe mosi Juni.
Aliyetimiza miaka tarehe mbili
anaogelea na wadogo zake kiangazi kizima,
na mama yake hana wa kumshukuru ila mkunga.
Kila njia, washika saa watatu; zikitofautiana, twaa ya katikati,
si ya baba mwenye kidole chepesi,
si ya shangazi aliyesahau kubonyeza kwa vigelegele.
Mtoto mmoja mbio tatu, asizidishe,
hata kocha wake akuletee halwa.
(Halwa nilikula. Mbio ya nne nikaifuta.)

Mie kazi yangu ukuta.
Nasimama ncha ya njia ya nne na ya tano,
natazama vidole.
Mtindo wa chura: mikono miwili, kwa pamoja, iguse.
Ukiwa na shaka, shaka ni ya mtoto.
Usipokuwa nayo, inua mkono wako
na usitazame jukwaani.

Njia ya nne, Shinuna. Mjukuu wangu, miaka tisa,
kofia ya manjano niliyombana mwenyewe masikioni.
Akaenda, akageuka, akarudi,
mbele kwa kichwa kizima,
na mwisho, kwa ile tamaa ya kufika,
akautupa mkono wa kulia peke yake.
Wa kushoto ulikuja baadaye,
kama mgeni aliyekuta sahani zinaoshwa.

Nilitafuta shaka.
Wallahi niliitafuta: kwenye povu,
kwenye miwani yangu yenye ukungu,
kwenye jua lililoanza kupiga vigae.
Sikuipata.
Nikainua mkono.

Karatasi ya waridi: *Njia 4. Mguso wa mkono mmoja.* Sahihi.
Na kanuni yasema mtoto aelezwe na kocha, si na mwamuzi,
kwa hiyo sikuruhusiwa kumwambia neno.
Kocha Raya akachutama mbele yake.
Juu ya bega la Raya, macho mawili mekundu kwa dawa ya maji
yananitazama mie.
Yule wa njia ya pili, mshindi sasa,
hakujua acheke au afunge kamba za suruali.

"Mama," mwanangu Mundhir akaninong'oneza, "hii ligi ya likizo tu."
Nikamwambia, na wa njia ya pili yuko likizo.

Garini hakusema mtu. Taulo kichwani, Shinuna nyuma.
Mtoto huyu nimemlea kwa msemo mmoja,
tukikanda unga, tukikunja mashuka:
kidole kimoja hakivunji chawa.
Leo nimeubana mdomoni njia nzima kama kokwa ya tende,
sina pa kuutema.

Tulipofika akafungua mlango wa gari kwa mikono miwili.
Geti, mikono miwili.
Friji, viganja bapa, kwa pamoja,
na kila mara akageuka kunitazama.
Mpaka swichi ya taa ya jikoni, kitu kidogo kile,
akaibana kwa vidole gumba viwili.

"Halali?" akauliza.

Nilivaa miwani kwanza.