Kimo cha Reli

Mlango wa mninga nimeulaza juu ya mapipa mawili,
chumba cha nyuma, Igogo, bati linaalika kwa jua.
Nimeuchora kwa chaki: stesheni, gati la kusini,
na ziwa ni kipande cha kioo
alichokitupa fundi wa madirisha.
Bado reli.

Nina mikebe miwili.
Wa maziwa una reli za milimita mbili na nusu.
Wa kahawa una nyembamba, moja na nusu,
zinazopinda hata ukizikodolea macho.

Shigela, mtoto wa dada, anataka nene.
"Mjomba, nene haziangushi treni."
Ni kweli. Magurudumu tuliyonayo ni ya mtumba,
ukingo wake umeshuka kama mdomo wa mtu aliyenuna.
Kwenye reli nyembamba unagonga vichwa vya misumari,
ta, ta, ta, ta,
kama mdai anayehesabu siku.

Lakini hebu piga magoti, Shigela.
Jicho lilingane na mataruma.
Ile nene inamkaribia magotini abiria wangu wa nta.
Atavukaje, na kuku kwapani, na gunia la viazi?

Baba alikuwa mtu wa genge, Fela hadi Mantare.
Gazeti lilimshinda. Ubavu wa reli aliusoma:
uzito, mwaka, herufi zilizovimba kwenye chuma,
akizipapasa kwa kidole gumba, kile kisicho na kucha.
Njia kuu, alisema, chuma kizito.
Kule gatini, behewa linakoingia melini kwa kunyata,
chepesi kinatosha.
Siku moja walibandika chepesi palipotaka kizito,
kwa wiki moja tu, mpaka shehena ifike.
Hakutusimulia ya wiki hiyo.
Alikula, akanawa, akalala na viatu.

Basi nimetumia zote mbili.
Nene kutoka stesheni hadi kwenye majabali
(majabali ni kokoto za Nyegezi, nimezipaka majivu),
nyembamba kushuka mpaka kwenye kioo.
Zinapokutana pana ngazi ya milimita moja;
nimeikingia kipande cha mkebe,
nikamimina risasi, nikasugua kwa tupa,
nikapitisha ukucha macho yamefumbwa
mpaka ukucha ukaacha kukwama.
Na kingo za magurudumu nimezinyoa, usiku tatu,
unga wa chuma mpaka kwenye chai.

Leo tumejaribu.
Kichwa kimepita kwenye kiungo bila hata kukohoa.
Behewa la kwanza. La pili.
Sauti ikashuka, ikawa nyembamba kama reli yenyewe,
Shigela kidevu juu ya mbao, hapumui.
La tatu.
La nne limelala ubavu.

Ni lile la pamba.
Pamba yote imemwagika ziwani, nyeupe juu ya kioo,
na mtoto ananitazama, hasemi "nilikwambia",
ila nyusi zinasema.

Nipe tupa, mwanangu.
Hapana, ile ndogo.