Eneo la Kupokezana

Mfumo huamka kabla yangu.
Alfajiri, Nizwa ingali nyeusi kama kahawa isiyo na maziwa,
kioo kimeshanipangia mabinti kwa rangi.
Atheer: kijani. Ametazama video zote tisa,
dakika mia na nne, hakuruka hata moja.
Ruqaya: manjano. Jaribio la pili hakulimaliza.
Muzna: nyekundu, nyekundu, nyekundu,
kama taa za gari lililoharibika njia ya Al Hamra.
"Mwanafunzi huyu hashiriki," naarifiwa,
kwa adabu, kama na karani wa benki.

Video nilizirekodi mwenyewe mwezi wa Juni,
ukumbini, kiyoyozi kikinguruma,
nikikimbia pasipo mtu nyuma yangu,
mkono nimeunyoosha kupokea kijiti
kutoka kwa hewa.
"Usigeuke," nilisema. "Ukigeuka umepoteza hatua mbili.
Kiganja wazi, gumba chini,
ngoja sauti."
Hewa haikusema kitu.

Jumanne, uwanjani.
Raba nyekundu ya njia imelala na joto la jana,
viatu vinanata, vinabanduka, vinanata.
Atheer wa kijani anawaeleza wenzake
pembe ya kiwiko, mita thelathini za eneo,
anaeleza vizuri kuniliko mimi.
Kisha anakimbia,
anageuka,
na kijiti kinadunda, kinabingirika
mpaka kwenye nyasi za bandia.
"Mwalimu," ananong'ona, "video nilikuwa naziacha zijiendeshe.
Nilikuwa nimelala."
Anacheka, halafu hacheki.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi?
Ile semina ya kutufunza kufundisha kwa video
nami niliisikiliza huku nikipika.

Zamu ya Muzna. Simtegemei.
Anakaza shungi, ncha anaichomeka shingoni,
anashika kijiti kama mtu ashikaye kitu chake.
Bushra yuko mbele, mgongo ameupa.
Muzna anakuja, anakuja, na kabla sijajua natazama nini:
"Haya!"
Mkono wa Bushra unafunguka wenyewe.
Kijiti kimeshahama. Hakuna aliyegeuka
ila mimi.

Maana si neno nililowafunza. Nilisema waseme "khudh."
Hili ni la mama yangu, mzaliwa wa Wete,
akinisukuma mlangoni na mkoba wa shule,
neno nililoliacha nyumbani kila asubuhi
ili nisichekwe darasani.

"Kwetu mtandao haufiki, Mwalimu.
Alhamisi, kabla ya basi, naipakua video mlangoni mwa maktaba.
Naitazamia juu ya paa. Mdogo wangu Yaarub
ndiye mkimbiaji wa kwanza.
Kijiti chetu ni mchi wa kahawa, ukikuponyoka
nyumba nzima inajua.
Bibi anamenya saumu na kutoa amri.
Kiarabu chake, anasema, hakikimbii."
"Mmerudia mara ngapi?"
"Sikuhesabu. Mpaka jirani akaja kulalamika."

Usiku nafungua mfumo nimtoe kwenye nyekundu.
Unataka ushahidi: faili, kiungo, dakika.
Kisanduku kitupu kinasema, Eleza.
Naandika: mchi wa kahawa.
Nafuta.
Naandika: jirani amelalamika.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Maelezo hayatoshi.

Basi abaki mwekundu hadi Jumapili,
nitapanda ofisini kugombana na binadamu.

Video ya kumi nitairekodi upya, nje, juani,
na safari hii nyuma yangu patakuwa na mtu:
Atheer, macho wazi.
Nimemwambia neno la kupigia ukelele
achague mwenyewe, la kwao.
Bado analitafuta.