Tundu la Mdomo wa Juu

Namupa, kidato cha tatu. Mvua ya Machi juu ya bati,
na Padre Ansgari akipaza sauti kuishinda:
Walizungumza Kigiriki, waliota kwa Kigiriki,
punda akigoma walimtukana kwa Kigiriki,
lakini ukiwauliza, ninyi kina nani?
walijibu: Warumi.
Mgiriki lilikuwa tusi.
Mgiriki ni yule wa kale, wa masanamu,
aliyekufa kabla ya maji ya ubatizo.

Nikaandika daftarini: Mgiriki = mshenzi.
Nikapiga mstari mara mbili,
wino ukapenya mpaka ukurasa wa pili.

Akatueleza habari za mtawa mmoja, jina halikusalia.
Mchana alinakili zaburi.
Usiku alinakili ugomvi wa miungu ya babu zake,
miungu inayolewa, miungu inayoibiana wake,
na pembeni mwa ukurasa akaandika kwa herufi za sisimizi:
Uongo huu.
Kisha akachovya kalamu, akaendelea.
Hakuruka hata mstari.

Darasa lilicheka. Mimi nilimkumbuka bibi.

Bibi Eufemia wa Luagala
aliing'oa ndonya asubuhi ya ubatizo,
maana aliambiwa mbinguni hawaingii na mdomo wa namna ile.
Ndonya ikatoka. Tundu likabaki.
Mpingo unavulika; tundu utalivuaje?
Alikunywa uji akiliziba kwa kidole.
Kanisani akisema Kirie eleisoni
neno lilivujia pale, likapiga mluzi kidogo,
na sisi wajukuu tukaficha nyuso mabegani mwa wenzetu.

Wamakonde ni wale wa bondeni, alisema, wasiosali.
Sisi ni Wakristo.
Alisema hayo kwa Kimakonde.

Na usiku, kibatari kikizimwa,
alitusimulia mtu wa kwanza, mpweke, hana hata jirani wa kugombana naye,
aliyechonga mke kwenye gogo
akamsimamisha nje ya kibanda, na kulipokucha
akamkuta anapumua.
Alipomaliza alisonya: Uongo huo. Mambo ya kishenzi.
Halafu, gizani: Mmelala?
Kesho nitawapa habari za watoto wao.

Likizo ya Juni nilimkuta anapukuchua mahindi.
Nikajitia msomi:
Bibi, Kirie eleisoni si Kilatini.
Ni Kigiriki. Lugha ya wale wa masanamu.
Vidole vikasimama.
Padre anajua?
Anajua.
Na hawakuing'oa?
Hawakuing'oa.

Aliingia ndani, akakawia.
Alitoka na kopo la maziwa ya unga, ndani kitambaa,
ndani ya kitambaa ndonya, nyeusi, inang'aa,
inanukia mafuta ya nyonyo.
Miaka arobaini, na haina hata vumbi.
Usidhani aliivaa.
Aliiweka gotini, akarudia mahindi yake,
na punje zikawa zinairukia, zinaigonga, zinaanguka.

Mwisho wa mwaka Padre alitumalizia:
mji ulipobaki kuta tu,
na Wakristo wenzao wa magharibi wamekwisha kubeba mpaka milango ya altare,
wachache kati ya wasomi walianza kusema, polepole,
huenda sisi ni Wagiriki.
Walilijaribu neno
kama mtu anayejaribu kiatu cha marehemu,
anatembea hatua mbili, anatazama mlangoni.

Bibi tulimzika msimu wa korosho.
Msalabani fundi ameandika EUFEMIA, E ya kwanza imepinda.
Nalo ni la Kigiriki: asemaye vyema.
Hakuna aliyepata kumwambia.

Kuhusu kopo, shangazi Sekunda anaapa kuwa lilipotea siku ya matanga,
wageni walikuwa wengi, nani angelinda kopo.
Nami namwitikia.
Ila nikimpa mkono wa kwaheri
kiganja changu hunukia nyonyo mpaka nifike Newala.