Nguzo ya Kumi na Moja

Karatasi ya hospitali ilikuwa na jina lako tu,
Anaeli, na namba ya faili, na umri.
Yule binti wa mazoezi, Pendaeli,
akachukua kalamu akaongeza langu pembeni.
"Na wewe mama. Nusu saa, kila siku.
Kidonge hiki kinamezwa na wawili."
Nikacheka. Mimi?
Niliyekugeuza kitandani wiki sita,
niliyepanda ngazi za wodi na chupa ya uji,
leo nifundishwe kutembea?

Siku ya kwanza tulifika nguzo ya pili.
Za umeme, hizi za mbao, kuanzia getini kwetu hadi kanisani.
Uliishika kama mtu anayemsalimia mkwe,
kwa heshima, mikono miwili,
ukasema unasoma tangazo.
Lilikuwa la mganga anayerudisha wapenzi.
Ulilisoma dakika tano.
Sikukuharakisha.

Shida haikuwa miguu peke yake. Shida ni Msaranga.
Hapa hakuna anayetembea tu.
Mtu huenda: sokoni, msibani, kilabuni, kwa fundi.
"Mnakwenda wapi?" Mama Ndeshi, getini.
"Mnatoka wapi?" yeye yule, tukirudi.
Basi nikabeba kikapu. Kitupu.
Miezi miwili tumekitembeza kikapu kile
kama mtoto mwenye homa anayekataa kulala.

Nguzo ya tano tuligombana.
Ulisema nakwenda kama ninayewahi benki kabla haijafungwa.
Nikasema wewe unakwenda kama uliyeajiriwa kuhesabu mchanga.
Ukanyamaza. Ukakaa kwenye ukingo wa mfereji, ukavua kiatu.
Vidole vyako, tangu zile dripu,
havijui tena kama jiwe ni jiwe au ni jani.
"Sijui ninachokanyaga," ukasema, "kwa hiyo natazama."
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa,
sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kutembea kwa macho.

Tangu hapo nakutajia: shimo.
Jiwe. Ng'ombe amepita.
Nawe, bila kuambiwa, unalisikiliza goti langu.
Likianza kulia unapunguza mwendo,
unajifanya umechoka.
Najua unajifanya. Nakuacha.

Masika yakatufungia ndani.
Tukazunguka meza, mara arobaini,
redio ikisoma matangazo ya vifo.
Ulisimama, ukasikiliza majina yote mpaka la mwisho.
"Hatumo," ukasema,
tukaendelea.

Ya chumbani sitasema mengi.
Pendaeli alituuliza, sote wawili tukatazama kalenda ukutani.
Ila miguu iliyofika nguzo ya saba hukandwa,
yako kwanza, kisha yangu,
na mafuta ya nazi hayajui nani mgonjwa, nani muuguzi.
Usiku mmoja taa ilizimwa
na hakuna aliyeuliza kama dawa imenywewa.

Jumanne iliyopita tulisahau kikapu.
Mama Ndeshi akaegemea geti, mchicha mkononi.
"Leo mnakwenda wapi, mikono mitupu?"
Nilikuwa natafuta uongo.
Ukanitangulia.
"Tunakwenda," ukasema.
Akasubiri umalizie.
Hukumalizia.

Nguzo ya kumi na moja imeinama.
Watu wa umeme wameichora msalaba mwekundu, itang'olewa.
Tumeiegemea zamu kwa zamu, wewe, mimi,
tukakubaliana:
hata wakiing'oa, tutaihesabu.