Mabaki ya Satini

Ulishuka na treni ya Mpanda
ndani ya kikapu cha vitunguu,
kamba kiunoni kama kifurushi,
na barua ya Kalunde, mwanangu aliyeolewa Kaliua:
Baba, huyu atakumalizia panya.
Panya wamekwisha kula mapindo matatu ya suruali za watu
tangu masika yaanze.
Wewe ulikuwa mwepesi kuliko mkasi wangu.

Nikakupa maziwa.
Nani hapa Isevya hampi paka maziwa?
Ya Mama Mihayo, ya alfajiri, yana povu bado.
Ukanywa hadi tumbo likawa ngoma,
na ngoma ikilia sana, wajua wenyewe.
Usiku ikapasuka.

Harufu siiandiki.
Naandika kwamba nilikanyaga, pekupeku, gizani,
nikatafuta kitambaa,
na nyumba ya fundi haikosi kitambaa:
kaki ya sare za shule,
kitenge cha kwaya ya Moraviani,
na kulipokaribia kucha, Mungu anisamehe,
mabaki ya satini ya bibi harusi wa Cheyo.

Bwana mifugo Lubasha alikuja na baiskeli,
mikono yake yanuka zizi.
Akakubana ngozi ya shingo, ikakawia kurudi.
"Mzee Nkwabi, huyu amekauka.
Maziwa basi. Maji ya chumvi na sukari, tone kwa tone.
Wali laini, kuku wa kuchemsha, chumvi usitie.
Na kitunguu hata asikione, kwake ni sumu."
Wote wawili tukakitazama kile kikapu.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa uzito.
Tukakupeleka kwa muuza asali, kwenye mizani yake:
gramu mia tano na kitu,
pamoja na hasira.

Nikakaa na bomba la sindano lisilo na sindano.
Tone.
Unatema.
Tone.
Unanikodolea kama nakudai.
Saa nane treni ya mizigo ikapiga honi,
cherehani ikatetemeka mezani,
nami nikajikuta nahesabu pumzi zako.
Mara ya mwisho kuhesabu hivyo nilikuwa Kitete,
wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Nilihesabu vizuri tu.
Hazikutosha.

Siku ya tatu ukaleta nyuzi.
Nyeupe, ndefu, za kujisokota zenyewe.
Miaka thelathini na minne nimeshika uzi,
namba zote, rangi zote,
sijawahi kuona uzi unaomtatua mwenye nguo.
Kumbe ndani yako kulikuwa na mafundi wengine,
wakishona usiku na mchana bila kulipa kodi!
Nikawazika nyuma ya choo, mbali na mchicha.

Siku ya nne, uji.
Ya tano, uji mzito.
Ya sita ukaingia kwenye boksi la mchanga,
ukachutama, uso wa hakimu,
ukatoka umeinua mkia.
Nikainama na taa.
Kigumu! Kimoja, kidogo, cheusi, kimekaa sawa.
Nikamwita Mama Mihayo aje ashuhudie.
Akaja mbio akidhani nimeanguka.
Akakitazama, akanitazama.
"Alhamdulillahi," akasema polepole,
kama unavyomjibu mgonjwa.

Sasa unalala juu ya pedali,
sishoni mpaka uamke.
Jana panya alipita ukutani, mchana kweupe,
kinywani kipande cha bitana.
Ulimfuata kwa macho,
ukapiga mwayo, ukajikunja.
Pindo la nne hilo.

Leo amekuja bibi harusi wa Cheyo.
Gauni limemkaa. Amejizungusha mara mbili mbele ya kioo,
kisha akasimama, mkono kiunoni:
"Na mabaki yangu, fundi? Ilibaki kama mita nzima."
Wateja wangu wananijua kwa mengi, kwa wizi hapana.
Nimekutazama. Unalamba tumbo lako taratibu,
huna habari.
"Mabaki yapo, mwanangu," nimemwambia.
"Yamemsitiri mtu."