Simi ya Mtu Asiyekuwepo

Gathoni wa kampuni ya vitabu alitaka upanga
mrefu kuliko msichana mwenyewe,
unaometameta, uliopinda kama mwezi mwandamo.
"Ujaze jalada," alisema, "mtoto auone toka ng'ambo ya barabara."
Nikauchora. Nikauchora mara saba.
Kila mara Mwelu wangu alisimama nao
kama mtu aliyeshikishwa ngazi ya jirani.

Basi Jumanne nikapanda kilima cha makumbusho,
nikajaza fomu tatu. Sababu ya ziara: kuchora.
Bi Kerubo, mtunza droo, alivaa glavu, akapiga chafya,
akavuta droo ya kumi na tisa.
Silaha zililala juu ya karatasi laini
kama wagonjwa wa wadi moja wasiosalimiana:
mishale iliyovishwa ngozi vichwani
(sumu, alisema, haijui kustaafu),
gobori lililoliwa na kutu mdomoni,
ngao yenye tundu moja, moja tu,
na simi. Ukambani. Mwenyewe hajulikani.

"Ishike. Glavu kwanza."
Nilikaza bega, nikajiandaa kwa uzito.
Ikaja juu kama nusu kilo ya sukari.
Nilicheka, kisha nikaona haya.
Miaka yote nimewatwisha mashujaa wangu vyuma
ambavyo punda wa mkokoteni angevigomea.

Ndipo nikauona mpini.
Ngozi imelika upande mmoja,
bonde dogo la kidole gumba
mahali ambapo changu hakifiki.
Nikaihamishia mkono wa kushoto.
Kidole kikaingia bondeni
kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

"Alikuwa mashoto," nikasema.
Bi Kerubo akaitazama kadi. "Hapa hawajaandika."
Kadi ilijua urefu kwa sentimita,
ilijua mwaka wa kupokelewa.
Kupokelewa! Neno lenye adabu zake,
kana kwamba mtu alibisha hodi, akaitoa mwenyewe,
akanywa chai, akaaga.
Bi Kerubo aliongeza kwa penseli, herufi ndogo: mashoto,
na alama ya kuuliza.

Alhamisi, Kamukunji.
Fundi Wasike alichagua springi ya lori, akaitia motoni.
"Ya kukata nini?"
"Ya mtu asiyekuwepo. Usiinoe."
"Bila makali hiki ni kijiko," alisema,
lakini akapiga, na kila pigo lilijibiwa
na masufuria, na masanduku ya shule,
na majiko ambayo hayajaonja kaa.

Nikaifunga kwa gazeti la jana, nikaenda mjini kwa Gathoni.
Mlangoni askari akanipitishia kile kifimbo chake. Kikalia.
"Nini hicho?"
"Utafiti."
Alilifungua gazeti taratibu, kama anayefungua samaki.
Akaishika simi, na aliishika kwa kushoto.
Magoti yakalegea kidogo, bega likashuka.
Macho hayakuitazama tena simi, yalitazama mlango.
Sekunde tatu hivi. Foleni nyuma yangu ilinyamaza.
Kisha akapitisha kidole gumba.
"Haina makali. Pita."

Sikupita. Nilikaa kwenye ngazi, watu wakiniruka,
nikalichora bega lile kabla halijapoa.
Sikumwuliza jina. Sikumwuliza alijifunza wapi,
wala rungu lililoning'inia kiunoni mwake
lilikuwa limemwona nani.

Usiku, Pangani, tokeni za stima zikikaribia kuisha,
Mwelu alisimama ukurasani. Simi fupi, goti limelegea,
akitazama mlango ambao sijauchora bado.
Gathoni atalalamika: jalada lina utupu mwingi.
Na alalamike.
Yalibaki makali tu.
Na makali, kwa penseli, hayachorwi.
Unakipaka chuma chote giza,
halafu unashika kifutio,
unaondoa.