Breki za Iwambi

Subilaga ana miaka kumi na minne, Lusekelo kumi na sita,
na mashine waliyotumiwa na mjomba wao wa Tunduma
imekaa juu ya kabati la vyombo, jirani na birika,
ikipumua moto kama ng'ombe aliyepandishwa mlima.

Julai, Iyunga. Baridi imebana milango.
Natoka gereji, vidole vyeusi hadi kwenye kucha,
nakuta magari yanalipuka sebuleni kwangu.

"Baba, tazama!"
Gari jekundu linaruka daraja, linalivaa basi,
linabingirika mara tano, linawaka,
halafu, hesabu nami, moja, mbili, tatu,
limerudi barabarani, linang'aa,
hata mkwaruzo halina.

Tupokigwe ananiuliza kwa macho, kisu mkononi, kiazi mkononi:
hili linafaa kwa watoto?
Kwenye boksi wameandika kumi na mbili na kuendelea.
Boksi halimjui mtoto wangu.
Halijui kwamba mwezi wa tano
Lusekelo alichukua pikipiki ya baba yake mdogo
akateremka nayo hadi Mbalizi, bila kofia,
akarudi anatabasamu, nami nikakosa usingizi siku tatu.

Mimi ni fundi breki. Miaka kumi na tisa.
Lori lililounguza pedi nalijua kwa harufu
kabla halijakata kona ya geti.
Namjua dereva anayesema "zilikataa, fundi,"
amekalia tofali, chupa ya maji inamtetemekea mkononi.
Siku ile ya Iwambi niliitwa, nikaenda na spana,
nikarudi na kandambili moja, ya kushoto, ndogo.
Ipo hadi leo nyuma ya pipa la oili.
Sijui nimpe nani.

Basi nikaushika waya ukutani.
Nilishaushika.

"Cheza kwanza," akasema Subilaga, "ndipo uhukumu."

Nikakaa chini. Nikapewa kidude chenye vitufe
vidogo kuliko nati ninazozoea.
Kona ya kwanza, breki. Kona ya pili, breki.
Mteremkoni nikabana kushoto nikawapisha wenye haraka,
wakapita wote, mmoja akinigonga makusudi,
mwingine akiwaka moto na bado anakimbia.
Watoto wakalia kwa kicheko.
Mama yao akaacha viazi, akasimama mlangoni,
akacheka yeye pia, kiganja mdomoni.
Nikamaliza wa kumi na mbili kati ya kumi na wawili,
gari zima, taa zote zinawaka,
nikainua mikono juu kama bingwa.

Lusekelo alianza upya. Katikati ya mruko akasimamisha mchezo.
Gari likabaki limening'inia hewani, tairi zimekufa.
"Baba. Pale Iwambi, zikikataa, mtu anafanyaje?"

Gereji amekuja mara ngapi, hajawahi kuniuliza.
Nikamweleza: gia, mapema, kabla hujaogopa.
Honi. Ukingo wa udongo.
Na kama hakuna kilichobaki, unachagua mlima,
unaacha watu.
Subilaga akauliza kama mlima unaumiza.
Nikasema ndiyo.
Gari lile jekundu likaendelea kuning'inia juu yetu,
halina pa kwenda.

Kisha umeme ukakatika.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu Subilaga gizani.
Giza halikurudisha kitu.
Tulibaki na wekundu wa jiko la mkaa mlangoni
na harufu ya viazi vinavyoanza kushika chini ya sufuria.
Tupokigwe akanikanyaga mguu taratibu:
swali lake lilikuwa palepale, nami sikuwa na jibu.

Kule barabara kuu, lori likawa linaushuka mteremko,
zito, limebeba shaba ya watu au mbolea, nani ajuaye.
Tukanyamaza wote wanne.
Injini ikaguna, ikabadili sauti.

"Huyo," akasema Lusekelo, "ameshusha gia."